Wifi na Toleo la Zamani

Kazini walimwita Mkasi, na jina lenyewe hakulichukia. Alisimamia mradi wa programu ya kuchapa lebo, ile ambayo watu huichukua bure na kuitia ndani ya programu zao. Kila wakikaribia kutoa toleo jipya walikaa kikao kuamua ni matoleo gani ya zamani ya lugha ya kompyuta wataendelea kuyabeba, yaani programu yao iendelee kufanya kazi nayo, na yapi watayatupa.

Safari hii lilibaki moja la kubishaniwa.

"Kulibeba hili ni mistari michache tu," alisema mwenzake wa meza ya jirani. "Kuna mama ametuandikia, ana duka la dobi. Printa yake imekufa, na printa mpya inataka toleo letu jipya. Lakini programu ya duka lake imeandikwa kwa toleo hili la zamani la lugha, haipandi zaidi ya hapo."

Mkasi alimjua mama huyo. Ni wifi yake, mjane wa kaka yake. Programu ya kuchapa namba za nguo aliiandika marehemu mwenyewe. Wifi alimficha Mkasi ugonjwa wa kaka yake mpaka mgonjwa aliposhindwa kusema, na hilo lilimkaa rohoni.

"Wenye lugha yenyewe wameshaliacha," Mkasi alisema. "Sisi tulibebe kwa nini?"

Sababu ilikuwa safi, haina doa. Likatupwa.

Wifi akapiga simu. "Wifi, najua umebanwa. Basi nirekebishie ile programu ikubali haya mapya. Mimi sijui hata pa kushika."

"Nitaangalia, wifi."

Ilikuwa kazi ya mchana mmoja. Hakuigusa. Siku alipopita dukani alimkuta wifi akiandika namba kwa kalamu kwenye vipande vya kitambaa, wino umevujia kola za watu. Mteja alikuwa akimfokea kwa suruali iliyopotea. Mkasi alisimama mlangoni akatazama mpaka mteja alipochoka, ndipo akabisha hodi.

"Pole, wifi. Kazi zimenizidi."

Siku hiyo alikula akashiba, akalala fofofo.

Duka likafungwa. Mama yake Mkasi ndiye aliyemletea habari, akaongeza, "Ile kompyuta ya mwanangu kaichukue. Imebeba kazi ya mkono wake."

Hapo Mkasi akakumbuka. Kaka yake alizoea kuficha utani katikati ya mistari ya programu, vijineno vya kuchekesha ambavyo angevisoma mtu wa kazi tu. Hakuwahi kufikiria kwamba huenda vipo hata mle kwenye programu ya dobi.

Alimkuta wifi akikunja mashuka ya watoto.

"Nimefuata kompyuta."

"Nimeshampa fundi. Kasema vilivyomo ni vya zamani, havina kazi tena. Akaniuliza afute, nikamwambia futa."

"Vyote?"

"Vyote, wifi."

Mkasi alimtazama usoni apate kujua kama ni ujinga au ni makusudi. Wifi alinyoosha pindo la shuka, akalilaza juu ya mengine.

"Kaa basi," alisema, bila kuinua macho. "Umesimama kama mgeni."