Kijiko cha Mama Mkwe

Homa ilimshika Mama Mchuzi siku tisa. Siku ya kumi aliamka akajiona ana nguvu, akamshukuru Mungu na kwenda moja kwa moja kubandika maharage. Mgahawa wake ulikuwa na meza nne, benchi nane na jiko moja lenye hasira. Aliuanza miaka kumi na mmoja nyuma, kwa sufuria moja ya kuazima, nje ya lango la kiwanda. Jina alipewa na vibarua wa pale, waliosema mchuzi wake ungeweza kumfanya mtu ale na sahani yenyewe. Hakuwa na kazi nyingine, wala hakuitaka.

Asubuhi hiyo alionja maharage, hakusikia kitu. Akatia chumvi. Kimya. Akatia tena. Akainamisha pua juu ya kitunguu saumu kinachokaangwa, akapata mvuke wa moto na basi. Akajiambia ni mafua, yatapita.

Mchana, fundi wa pikipiki, mteja wake wa kila siku, alipiga kijiko cha kwanza, akakitazama, kisha akanywa glasi mbili za maji.

"Mama Mchuzi," aliuliza kwa upole, "maharage haya umeyavua baharini?"

Watu walicheka. Yeye naye alicheka, lakini meno tu. Kesho yake alitia chumvi kwa woga, chakula kikapooza kama cha mgonjwa. Wiki ikaisha benchi tatu hazina mtu. Daktari alimwambia homa za namna ile huondoka na ladha. Huenda ikarudi baada ya miezi, huenda isirudi. Alitoka pale na swali moja. Mpishi asiyesikia ladha atawalisha watu nini, na nyumbani kwake watakula nini?

Hakutaka mtu ajue, maana habari kama hiyo ikishafika mtaani, mgahawa umekufa. Alihitaji mtu mmoja tu wa kumwonjea na kumwambia ukweli. Alianza na mumewe.

"Tamu sana, mke wangu," alisema mumewe kabla hajameza.

Mwanamume mwema, Mungu amweke, lakini alisema hivyo hivyo hata siku wali ulipoungua hadi majirani wakaja na ndoo za maji. Akamjaribu muuza mboga wa jirani. "Shoga, mkono wako hauna mfano!" alisema muuza mboga, huku akimpimia nyanya zilizoanza kuoza. Sifa kedekede, ukweli hakuna. Basi akabaki mtu mmoja, ambaye Mama Mchuzi hakutaka hata kumfikiria.

Mama mkwe wake aliishi nyumba ya tatu kutoka kwake, na ulimi wake ulikuwa msumeno, unakata mbele na nyuma. Tangu wiki ya harusi, miaka ishirini sasa, hakuwahi kusifu chakula cha mkwewe hata kwa bahati mbaya. Wali wake ulifaa kujengea ukuta. Chai yake ilikuwa maji ya kusuuzia vikombe. Miaka mitatu nyuma alitangaza mbele ya wateja kwamba nyanya za mchuzi hazijaiva, na Mama Mchuzi, uvumilivu ukiwa umemwisha, akamnyang'anya sahani. Mama mzima, mbele za watu! Tangu siku hiyo bibi yule hakukanyaga mgahawani, na wakikutana njiani ilikuwa shikamoo, marahaba, kila mtu na safari yake.

Alikwenda alasiri. Mama mkwe alikuwa mlangoni anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama."

"Basi kaa, useme."

Aliomba radhi kwanza, kwa ile sahani, na maneno yalimtoka kwa taabu kama mwiba. Kisha akaeleza yote. Mama mkwe aliweka ungo chini. Aliingia ndani, akarudi na punje ya kitunguu saumu kibichi, akamtilia mkononi. Mama Mchuzi aliitafuna taratibu mpaka ikaisha, wala hakukunja uso. Mama mkwe alimtazama, na macho yake yakalegea.

"Pole, mwanangu," alisema. "Unabandika saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri."

"Nitakuja saa kumi na mbili. Mimi si mwizi wa kuku."

Akaja kweli, na kijiko chake mwenyewe amekifunga kwenye leso, kwa kuwa vya mgahawani, alidai, vinateleza mafuta. Akakaa kwenye kigoda karibu na jiko, na hapo kazi ikaanza.

"Kitunguu bado. Unakimbilia wapi? Chumvi kidogo. Nimesema kidogo! Mkono huo unapanda mahindi? Tangawizi iko wapi, au nayo inaumwa?"

Yalikuwa maneno yale yale yaliyomliza zamani, na sasa aliyangoja kwa hamu. Akajifunza kupima chumvi kwa kifuniko cha soda. Akajifunza kuzisikiliza nyanya, maana maji yake yakikauka, mafuta hubadili sauti. Kufikia mwezi wa pili, siku tatu katika tano kijiko cha mama mkwe kilitoka sufuriani bila kukuta kosa, na bibi alionekana kukereka kidogo. Benchi zikajaa tena.

Siku moja mchana fundi wa pikipiki alishiba, akaegemea ukuta, akapaza sauti.

"Bibi! Tangu uanze kukaa hapo, chakula kimerudi. Kumbe mpishi ni wewe, huyu anapakua tu!"

Wateja wote wakageuka kumtazama bibi. Mama Mchuzi alisimama na upawa mkononi. Mama mkwe hakuwa mtu wa kumeza neno, na neno moja tu lilitosha kumfungia mlango.

Bibi akanyanyuka polepole.

"Mimi nimewahi kukupikia wewe? Mpishi ni huyu. Miaka mitatu nimemnunia, siingii humu, na kila jioni mwanangu ananiletea bakuli la chakula chake kwa kificho. Likichelewa, silali. Nimechoka kula kama panya, sasa nakula mchana kweupe. Una jingine?"

Fundi akavuta sahani yake, akakomba mchuzi uliobaki.

Mama Mchuzi machozi yalimtoka mbele ya wateja wote, wala hakuyafuta. "Mama, miaka ishirini! Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia ungevimba kichwa, ukaacha kupika." Bibi akarudi kukaa, akatazama sufuria. "Haya, koroga. Yanashika chini."

Akakoroga, huku akilia na kucheka, na maharage hayakushika.