Mpunga Tulioulinda Kimya Kimya

Asubuhi ile nilikuwa nimeinamisha kichwa mbele ya chungu cha wali, naomba kama nilivyofundishwa misheni, na mama mkwe alikuwa amechoka kunisubiri.

"Mama Filipo, wali unapoa. Huyo Mungu wako hajawahi kula chakula cha moto?"

Mume wangu alicheka mpaka akapaliwa. Tulikaa kando ya mto Kilombero, mbele kidogo ya Ifakara, tukilima mpunga na kuvua samaki. Pale nyumbani tuliobatizwa tulikuwa mimi na mtoto tu, kwa hiyo nilitaniwa kila siku, nami sikuwa mtu wa kunyamaza.

Maji ya dawa yalipofika kijijini, mume wangu alikunywa kama wenzake.

"Wewe omba, mimi nimekunywa," aliniambia. "Tusikose yote mawili."

Alikwenda na wenzake kupigana na Wajerumani bomani Mahenge. Hakurudi. Waliorudi walisema dawa haikuzuia risasi hata moja. Nilimlilia na nilimkasirikia, na mpaka leo hasira hiyo haijaisha.

Kisha askari wa Mjerumani wakaja kwetu. Walichoma nyumba, wakachoma na vihenge vyote vya mpunga. Tulikimbilia kwenye matete, mimi na Filipo mgongoni, na mama mkwe amekumbatia kibuyu cha mbegu. Hicho ndicho tulichookoa. Njaa ilipozidi, miguu ya Filipo ikaanza kuvimba, nami nikataka tuipike ile mbegu. Mama mkwe akakikalia kibuyu.

"Tukiila hii, huyu mtoto atakufa mwezi ujao badala ya leo. Mwombe Mungu wako mvua. Mimi nitalima."

Niliomba, na nililima pia, shamba dogo lililofichwa na matete ya kando ya njia. Tuliishi kwa mizizi ya yungiyungi na visamaki. Mvua ilinyesha, naye akasema ingenyesha hata nisingeomba.

Mpunga ulipoanza kukomaa, ndege wakaja. Bondeni kwetu kila mtu anaijua kazi ya kuwinga: unajenga dungu katikati ya shamba, unakaa juu yake, unapiga kelele kutwa nzima. Sisi tusingeweza. Askari walikuwa bado wanapita njiani, na kila shamba waliloliona walilitia moto. Basi tulizunguka mpunga wetu tukipunga vipande vya kaniki, midomo tumeifunga. Nilisali Baba Yetu bila kutoa sauti, hatua kwa hatua, nikifika mwisho naanza tena. Nilikuwa nimeapa kwamba mtoto wangu ataula mpunga ule.

Siku moja lilitua kundi zima. Nikainua kaniki.

Nikasikia watu wanaongea njiani.

Askari.

Kama ningewatimua ndege, wangeruka wote na kutufichua. Nililala kifudifudi, Filipo chini yangu, nimempa ziwa asilie. Ndege walikula juu ya kichwa changu.

"Mungu, nisaidie," nilisema moyoni. Maneno mengine sikuyapata.

"Mbona ndege wengi pale?" askari mmoja akauliza.

Mama mkwe alikuwa upande wa pili wa shamba. Nilimwona akisimama, akapenya matete, akatokea njiani.

"Wanangu, hamna chochote cha kula?"

"Pale kuna nini, bibi?"

"Majani tu, ndege wanakula mbegu zake. Ingekuwa mpunga, ningekonda hivi?"

Wakacheka.

"Uko na nani?"

"Nimebaki peke yangu."

Wakamtwika mzigo, wakaondoka naye.

Sauti zao zilipopotea niliinuka, nikawatimua ndege huku nikilia. Nilivuna nusu ya shamba. Filipo alikula, akapona, na leo ana watoto wake. Vita vilipokwisha nilikwenda bomani kumuulizia mama mkwe. Hakuna aliyemkumbuka bibi yule, wala aliyejua alipoangukia.

Kanisani huwa wananiomba nisimulie jinsi Mungu alivyotuficha. Nawaambia sikufichwa. Niliomba msaada, na msaada ukasimama upande wa pili wa shamba, ukiwa mwembamba, umevaa kaniki iliyochanika, ukatembea kwenda kwa askari. Mtu huyo hakuwahi kusali hata mara moja. Ninamshukuru Mungu kwa mpunga ule, na nina deni kwa mama mkwe wangu. Yote mawili nayasema katika sala moja.