Sindano za Bi Vifungo

Kila asubuhi Bi Vifungo humpakata mjukuu huku mkwewe akimtungia sindano: kumi za uzi mweupe, kumi za uzi mweusi. Zikishatungwa, mkwe humchomekea kwa ndani ya ukosi wa koti, zisionekane.

"Leo zitatosha, mama?"

"Nikiona zinaisha, nitajivuta kidogo."

Hakuna mwingine aliyejua. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameshona vifungo na pindo katika karakana ile ya nguo, na kiti chake ndicho kilicholisha watu watano. Lakini siku hizi msimamizi alikuwa na neno lake: "Macho yakigoma, mtu akapumzike."

Alhamisi zikaletwa sare za wauguzi, rangi ya damu ya mzee, na uzi wake vilevile. Bi Vifungo akapapasa ukosi. Weupe, weusi. Basi.

Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yake na binti mwenye mkoba begani, mpwa wa mkewe, aliyekuja eti kutazama kazi.

"Haya Bibi, tunga tuone."

Akalamba ncha ya uzi, akaisokota, akakosa. Tundu lilikuwa linamchezea, mara mawili, mara halipo. Fundi wa mashine ya jirani akanyoosha mkono amsaidie.

"Mwache," msimamizi akasema. "Kazi ni yake."

Akakosa tena. Jasho likamtoka mpaka kwenye vidole.

"Uzi huu mnene," akajitetea.

"Mnene wapi? Lete hapa."

Msimamizi akainua sindano kwenye taa. Akanyoosha mkono, akaurudisha, akafumba jicho moja, ulimi nje. Akakosa mara tatu. Mashine zikanyamaza moja baada ya nyingine.

"Hii taa mbovu," akasema, akampa mpwa, naye akatunga mara moja.

"Ndiyo hiyohiyo, mwanangu," Bi Vifungo akamwambia msimamizi. "Na mimi nakaa chini yake."

Mtu akacheka puani. Msimamizi hakucheka. Bi Vifungo akatamani ayameze yale maneno.

Siku ile hakuitwa ofisini. Ijumaa hakuitwa. Jumamosi alishona sikio likiwa kwenye mlango wa ofisi. Kila ulipolia, alijichoma kidole.

Jumatatu alikuta taa mpya, nyeupe pe. Chini yake, kwenye kiti chake, alikuwa amekaa mpwa.

"Ulisema kweli, Bibi," msimamizi akasema. "Taa ilikuwa mbovu, nimebadilisha."

"Umefanya vizuri. Na mimi nakaa wapi?"

"Wewe kapumzike. Tutakupigia simu."

Bi Vifungo hakuwa na simu, na msimamizi alilijua hilo.

"Nikapumzikie kwa nani?" akauliza.

Mpwa akainamisha kichwa. Mlango ulikuwa wazi nyuma ya Bi Vifungo, hatua nne tu. Hakuelekea huko. Alikwenda kwenye robota la sare lililokuwa ukutani, akakaa juu yake, akavuta gauni moja mapajani.

"Basi nitashonea hapa," akasema. "Wa kunitoa aje anishike mkono."

Fundi wa jirani akatunga uzi wa damu ya mzee, akainuka, akampelekea sindano bila kumtazama msimamizi. Akarudi kitini, akakunja mikono.

Msimamizi akatazama saa, kisha mashine. Hakuna mguu uliokanyaga pedali.