Mavyaa Hamalizi Sinema

Mavyaa wangu, mama aliyemzaa mume wangu, hamalizi sinema. Tangu nilipoolewa nikaletwa Mabawa kutoka kwetu Ushongo sijamwona akikaa mpaka mwisho wa picha hata moja, iwe ya televisheni pale sebuleni, iwe ya banda la video tunakowapeleka watoto Idi pili mchana. Kuanza anaanza vizuri. Anakaa mbele kabisa, anacheka kabla ya wenzake, na mwizi anamtambua kwa kumtazama viatu tu. Lakini mtu mmoja kwenye picha aanze kukohoa, au ashike kifua, au apande gari huku muziki umebadilika, basi mavyaa anajifunga kanga yake, anatafuta kandambili zake kwa miguu, anasema, "Niwieni radhi, napita," na anatoka.

Hatoki kwa hasira. Wanaotoka kwa hasira nawajua. Yuko yule anayetoka kwa sababu mfasiri wa banda amechangamka mno akaropoka mapema muuaji ni nani. Yuko pia baba mmoja wa mtaa wetu ambaye, wapenzi wakisogeleana kupita adabu, huwashika binti zake mikono akawarudisha nyumbani, kisha utamwona anarudi mwenyewe kimya kimya na kukaa palepale alipokuwa. Mavyaa anatoka kama unavyotoka chumbani kwa mgonjwa. Anakwenda kukaa nje kwenye benchi mpaka mmoja wetu atoke.

"Wamepatana?" huuliza.

Nami humwambia wamepatana, hata kama nimewaacha wanachinjana. Anasema alhamdulillahi, na tunarudi nyumbani tumeridhika sote.

Nilipokuwa bado bibi harusi nilimuuliza kwa nini hakai. Alinitazama kama niliyemuuliza kwa nini chakula hufunikwa. "Mwanangu, mtu anakata roho mbele yako, nawe umekaa unatafuna bisi? Wewe mtu gani?" Nikamwambia yale ni maigizo. "Najua ni maigizo. Na bisi nazo ni za maigizo?"

Sasa, mwanamke huyu, Mungu akamjaalia mtoto anayependa kuigiza. Mume wangu ni fundi wa mafriji, na fundi mzuri, lakini siku zile zilizopita ukimkuta ndani ya friji la mtu utamsikia anajisemesha humo kwa sauti ya hakimu au ya mlevi. Alijiunga na kikundi cha maigizo cha hapa mjini, watu wa kila namna, mwalimu, muuza mitumba, kinyozi, wakawa wanatengeneza picha zao kwa kamera ya kuazima. Mtaa mzima ulikuwa unamsifu. Mavyaa alisema neno moja tu: "Mtu mzima na ndevu zake." Hakulisema kwa ukali, ila hakuongeza jingine, na mume wangu alikuwa tayari kuzipoteza sifa zote za Mabawa ili mama yake aongeze jingine.

Ndipo wakaamua kutengeneza picha ndefu, na yeye akapewa nafasi ya mwenye duka, mtu mwema, anayeugua na kufa katikati. Baada ya hapo picha ni ya mama wa marehemu. Kila jioni yule mama humwekea mwanawe chakula chake pembeni akakifunika, kana kwamba kijana yuko njiani. Na mwishoni kabisa anamwona, ni ndoto lakini yeye hajui, mwanawe anapiga hodi, anaingia na kuuliza chakula chake kiko wapi. Sehemu hiyo ya mwisho aliitunga mume wangu mwenyewe.

Hakuichota mbali. Alipokuwa anajifunza ufundi alikuwa anachelewa kurudi, na mavyaa alikuwa anamwekea sahani chini ya kawa la ukili. Kijana akawa fundi, akaoa, akapata watoto, na sahani haikuondoka. Mimi napika, napakua, tunakula, na bado mavyaa anamwekea chake pembeni chini ya kawa lile lile lililofifia rangi. Nisiseme uongo, miaka ya mwanzo lile kawa lilikuwa linanikera. Mume ni wangu, ati, na chungu ni changu. Lakini ukikaa na watu unajifunza, na siku hizi nikiliona halina kitu ndani huwa najisikia vibaya mwenyewe.

Basi mume wangu alitaka mama yake aione ile sehemu ya mwisho. Alikuwa na jambo la kumwambia ambalo mdomo wake haukuwahi kuliweza, akaliweka pale. Shida ni kwamba ili mavyaa afike pale ilibidi kwanza amwone mwanawe akifa.

"Kazi yako ni moja," aliniambia. "Mama asitoke."

Hata siku ya kupiga picha za mazishi ilikuwa kazi. Msikitini walikataa kuwaazima jeneza, wakasema jeneza halina ruhusa ya kwenda kuigiza, na walisema kweli. Ikabidi seremala atengeneze la bandia, ambalo sasa ni banda la kuku huko kwake. Waombolezaji walikuwa majirani zetu, wakaonywa wasicheke. Mavyaa alisema kwake yeye kumlaza mtu hai jenezani ni uchuro mtupu, akafunga mzigo wake akaenda Mkwaja kwa mdogo wake mpaka waliposema wamemaliza.

Siku ya kuionyesha ilikuwa Jumapili alasiri. Walikodi ukumbi ambao zamani ulikuwa jumba la sinema na sasa ni wa harusi. Mapambo ya harusi ya jana yake yalikuwa bado yananing'inia. Shuka jeupe likatundikwa ukutani, mapazia yakafungwa, na watu wakaja hasa. Nilimketisha mavyaa katikati ya safu. Kulia kwake nilikaa mimi. Kushoto nilimweka shangazi wa mume wangu, mtu mwenye mwili wake, ambaye kumpita akiwa amekaa ni mpaka yeye mwenyewe apende. Nyuma yetu alikaa jirani yetu, mama wa Kishambaa, Mlutheri, shoga mkubwa wa mavyaa, aliyetoka kanisani na kuja moja kwa moja.

Sikutaka kumvizia, nikamweleza yote kabla. "Mama, atakufa katikati. Lakini mwishoni anarudi."

"Anarudi?"

"Wallahi anarudi."

Alifikiri kidogo. "Basi nitakaa."

Picha ikaanza. Mume wangu alipotokea na kanzu yake nyuma ya meza ya duka, ukumbi ukapiga makofi, na mavyaa akaninong'oneza, "Kanenepa." Alicheka pale pa kuchekwa. Alimkemea mteja mmoja mdanganyifu kwa sauti mpaka watu wakageuka. Kisha mume wangu akakohoa. Mkono wa mavyaa ukaja ukaushika wangu. Akakohoa tena, akalala, akaitwa daktari, akaaga. Mavyaa alikuwa anatetemeka na machozi yanamtoka, vidole vyangu vimekwisha kufa ganzi, lakini alikaa! Mtoto wake alikata roho mbele yake, na yeye akakaa. Nilitaka kupiga kigelegele. Nilijua lililobaki ni jepesi.

Jeneza likatoka mlangoni mwa nyumba, kwenye lile shuka, likawa linakuja upande wetu.

Mbele kabisa alikuwa amekaa mzee mmoja wa mtaani kwetu. Akasimama. Kwetu jeneza likipita mtu husimama, na yule mzee amesimama hivyo maisha yake yote. Miguu haikungoja kumuuliza kama hili ni la kweli au la seremala. Aliyekaa karibu naye alipomwona amesimama akaona haya kubaki amekaa, naye akasimama. Safu ya kwanza yote ikasimama. Safu ya pili haioni kitu, ikasimama. Mwanamume mmoja akavuta shahada kwa sauti na wengine wakaipokea, na kijana mmoja, wallahi nilimwona kwa macho yangu, akaenda mbele na bega lake tayari kupokea, mpaka kivuli chake kikaziba picha na akajikuta anatazamana na ukuta.

Mavyaa akatazama kulia, akatazama kushoto. Kifo alikistahimili kwa kuwa nilimwambia ni maigizo. Lakini watu hawa hawakuwa wa maigizo, ni majirani zake anaowajua, na wote wamesimama.

"Niwieni radhi," alisema. "Napita."

Nilimshika kanga. Kanga ikabaki mkononi mwangu, mwenyewe akaenda. Shangazi, ambaye nilimtegemea kama ukuta, alikuwa wa kwanza kumpisha, kisha akamfuata. Yule jirani yetu wa Kishambaa tayari alikuwa amejifunga kibwebwe. Mama wa marehemu akinyanyuka huwezi kumwacha atembee peke yake, hilo halihitaji kufundishwa, na wanawake wote wakatoka naye. Wanaume nao wakaona hawana la kukaa kutazama. Nilipofika mlangoni niligeuka. Mume wangu alikuwa amesimama kando ya mashine ya kuonyeshea, peke yake na viti, na picha inaendelea. Nilitaka kurudi kwake. Lakini mkwe hamwachi mavyaa wake barabarani analia, nikaenda.

Tulifika nyumbani kundi zima. Mtu akatandika mkeka, mwingine akaniuliza sufuria kubwa liko wapi, na jirani yetu alikuwa ameshaanza kuwasha moto. Mavyaa akaketi, akajifuta uso, akatutazama.

"Nyie mmekuja kufanya nini?"

"Tumekusindikiza, bibi."

"Mnanisindikizia nini, mtu hajafa!"

Shangazi akaanza kucheka, na akicheka yule hacheki peke yake. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira. "Mama, uliniahidi."

"Nilikaa alipokufa," alisema. "Hukuona? Nilikaa." Akaninyooshea mkono nimrudishie kanga yake. Hasira ikaniishia palepale.

Jua lilikuwa bado lipo mume wangu alipoingia uani, mashine kwapani, shuka limekunjwa begani. Hakuna aliyejua amtazame wapi. Yule mzee aliyeanza kusimama akainamia kikombe chake cha chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Na hapo mavyaa akalia tena, kidogo tu, akamaliza.

"Mbona ulitoka?" Hakuuliza kwa lawama. Alikuwa amechoka. "Mwishoni nilikuwa narudi."

"Mkeo aliniambia. Nikaja kukungoja. Mtu akirudi si anarudi kwao? Ningekungoja kule ukumbini, kwa watu?"

Mavyaa akapigapiga mkeka kwa kiganja kumwonyesha nafasi, lakini kabla hajakaa akamuuliza, "Haya, ulikuwa unarudi useme nini?"

Mume wangu, aliyewahi kuwa hakimu ndani ya friji, akaona haya. Akatazama majirani, akanitazama mimi. Nikamwambia, "Toka, uingie." Akaniachia mashine na shuka, akatoka nje ya mlango wa ua. Watu wakajipanga, waliokuwa wima wakakaa chini, watoto wakanyamazishwa. Tukasikia hodi.

"Karibu," alisema mavyaa.

Akaingia polepole. Kweli anaweza, sisemi kwa kuwa ni wangu. Alikuwa yeye na si yeye.

"Mama, nimechelewa," alisema. "Chakula changu kiko wapi?"

Mavyaa akajifunga kanga yake, akatafuta kandambili zake kwa miguu.

"Niwieni radhi," alisema. "Napita."

Shangazi akasema, "Jamani, tena?" Mavyaa akatupita akaingia ndani, na mume wangu akabaki amesimama katikati ya ua, mikono haina pa kukaa, na bado maneno yake mengine yote yako kifuani. Sikuweza kumtazama usoni. Nilitazama mlango.

Mavyaa akatoka amebeba kwa mikono miwili sahani iliyofunikwa na lile kawa. Akaitua mkekani, akalifunua: wali na kipande cha samaki nguru, vimepoa kabisa, kwa kuwa alikuwa ameviweka mchana, kabla hatujaondoka kwenda ukumbini. Akaketi pembeni ya sahani, karibu kabisa, akavua kandambili zake na kuzisukuma mbali chini ya benchi.

"Kula," alimwambia. "Kisha uendelee. Leo sitoki."