Shati Lililobaki Bila Kufuliwa

Kwa miaka sita nilifua nguo za wageni katika hoteli moja ya kifahari kando ya ziwa, upande wa Homa Bay. Mwenzangu aliyesafisha vyumba alikuwa mjane kutoka Rangwe. Aliniita nyar Migori, yaani binti wa Migori, hata mbele ya meneja. Tulikula pamoja kila mchana, na nilidhani namjua.

Ijumaa moja alasiri, nikiwa nafunga kazi niiwahi Sabato, mgeni mmoja aliingia chumba cha kufulia. Nilishangaa, maana wageni wetu huacha nguo mlangoni. Mkononi alikuwa ameshika shati jeupe lenye damu.

"Nimejikata nikinyoa," alisema. "Naomba lifuliwe sasa hivi."

"Samahani, mimi nimemaliza. Labda Jumapili."

Meneja alikuwa akipita. Akalipokea shati kwa mikono miwili, akamhakikishia kwamba litashughulikiwa. Mgeni alisitasita, kisha akaondoka. Meneja akanikabidhi shati, nikalitia kwenye mfuko, nikaandika namba ya chumba, nikaenda nyumbani.

Kesho yake, tukitoka ibadani, jirani aliniambia kuna mgeni ameuawa hotelini kwa kupigwa kichwani, na mwenzangu amekamatwa. Yeye ndiye aliyemkuta asubuhi, yeye ndiye mwenye ufunguo, na saa ya marehemu ilipatikana katika mfuko wa aproni yake.

Naona aibu kusema nilichowaza. Niliwaza: huenda ni kweli.

Nilikuwa nimekaa na sahani yangu ya chakula cha mchana nilipokumbuka lile shati. Nikauona tena uso wa yule mgeni. Alikuwa na ndevu nyingi, zimejaa mashavu yote. Sasa alikuwa ananyoa nini?

Meneja alikuwa amepiga simu akituonya tusizungumze na mtu yeyote. Nilijua naweza kupoteza kazi. Nilivaa viatu vyangu vya kanisani, nikaenda kituo cha polisi.

"Afande," nilimwambia mpelelezi, "kuna shati ambalo sijalifua."

Damu ilipopimwa, ilikuwa ya marehemu. Marehemu na mwenye shati walikuwa wamekuja pamoja, marafiki waliogombania shamba walilonunua kwa ubia. Mahakama ilimfunga yule mwenye ndevu. Mwenzangu alikuwa ameachiliwa zamani, baada ya siku tano rumande, lakini hakurudi hotelini.

Nilimfuata Rangwe. Nilimkuta akichambua mboga nje ya nyumba yake, amekonda. Alinieleza kwamba saa ile aliikanyaga mlangoni, akaiokota na kuitia mfukoni ili aipeleke mapokezi, ndipo akainua macho akauona mwili. Watu wa sokoni walikuwa bado wanampisha njia kama mgonjwa wa kuambukiza.

"Wewe peke yako ndiye uliyeamini kwamba si mimi," alisema.

Ningeweza kunyamaza. Nilikaa chini, nikachukua fungu la mboga.

"Sikuamini," nilisema. "Siku ile nilikushuku. Ni shati tu lililonipeleka polisi."

Mikono yake ilisimama. Alinitazama usoni.

"Hata mimi," alisema, "kama ungekamatwa wewe, sijui ningewaza nini."

Akanisogezea sufuria, tukaendelea kuchambua. Nilishinda kwake mpaka jioni.