Namba Nane Niliyemkumbatia Hewani

Jamani, mimi ndiye yule mtangazaji wa raga mliyemsikia Jumamosi, na leo naungama. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutangaza mechi redioni moja kwa moja, na mdogo wangu Mutua huchezea timu yetu ya Makongeni, jezi namba nane.

Mvua ilinyesha mpaka wachezaji wote wakafanana kwa matope. Mimi nikafuata namba tu.

"Mutua anapenya! Mutua anafunga trai! Hiyo ni damu yangu!" nilipaza sauti mpaka ikakauka. Trai tatu, zote nikampa Mutua. Hata uji aliokuzwa nao niliwasimulia wasikilizaji.

Filimbi ya mwisho ilipolia tukiwa washindi, nilikimbilia uwanjani na maikrofoni, nikamkumbatia namba nane kwa nguvu, suti yangu mpya ikajaa tope.

"Mdogo wangu, hebu msalimie mama!"

Akajipangusa uso taratibu. Sikumjua hata kidogo.

"Niaje, mathe," akasema hewani, akicheka. "Mimi ni Kamau. Mutua aliumia goti, akaniachia jezi. Si mko naye hapo nyumbani mkisikiliza redio?"