Kuku wa Elfu Mbili na Arubaini na Saba

Juzi mwanangu kanionyesha kwenye simu: wataalamu wamegundua namba tasa kubwa kuliko zote, tarakimu zake mamilioni. Namba tasa unaijua, ndugu yangu, haigawiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Hii wameipata kwa kuzidisha mbili kwa mbili mara nyingi mno, halafu wakatoa moja. Nikasonya mpaka mtoto akashtuka. Namba masikini haina kosa. Nilimkumbuka mwalimu wetu wa hesabu kule kijijini Ole.

Bwana yule alijiona! Kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, maarifa kiganja. "Chukueni mbili kadhaa, idadi yake iwe namba tasa. Zizidisheni, toeni moja. Jawabu ni tasa daima!" Mbili mbili zikatoa tatu, mbili tatu zikatoa saba, mbili tano zikatoa thelathini na moja. Kweli, zote tasa. Mbili kumi na moja hakujisumbua kuzijaribu, alizitangaza tu: elfu mbili na arubaini na saba, tasa.

Dada yangu alizijaribu. Ulikuwa msimu wa karafuu, harufu imeingia mpaka kwenye chai, na jioni nyumba nzima tunakaa jamvini kuchambua, vidole vyeusi. Yeye kila akimaliza fungu lake huchukua kaa la jikoni, anaigawa namba ile sakafuni. Tatu ikakataa, saba ikakataa, akapanda hivyo hivyo mpaka ishirini na tatu ikaingia kavu, bila baki, mara themanini na tisa. Akacheka peke yake. "Karafuu zavunda, nawe wacheka?" bibi akamgombeza.

Skuli ilikuwa ipeleke mtoto mmoja mashindano ya hesabu mjini Chake, na sote tulijua ni yeye. Asubuhi akamweleza mwalimu, kwa adabu zote.

"Wanibisha mimi?" akafoka. "Huendi Chake mpaka upate radhi yangu."

Na kwetu elimu bila radhi ya mwalimu haina baraka. Basi bibi akachinjisha kuku, akapika mkate wa kumimina, akamkokota dada mpaka kwa bwana mkubwa. Dada akambusu mkono huku analia. "Ni tasa, mwalimu. Nisamehe."

Mjinga yule akamla kuku mpaka mifupa, akajifuta mdomo, akasema kasamehe. Kisha Chake akampeleka mpwa wake. Nilimdharau siku ile, na wallahi mpaka leo sijaona sababu ya kuacha.

Bibi katangulia mbele ya haki, mwalimu naye. Mazikoni kwa mwalimu walimsifu ati katoa vichwa. Lo! Vichwa gani?

Juzi hiyo hiyo nikampigia dada nimpe habari ya namba ile kubwa. Akaniuliza kama watoto hawajambo. Nyuma yake nikamsikia binti yake anamuuliza swali la hesabu.

"Mimi hesabu sijui, mwanangu," akamjibu. "Andika alivyosema mwalimu wako."